Giaboksi Niliyoianua

Kuna Ijumaa moja ya masika, mwanangu, kila ikinijia kichwani naona haya, kisha nacheka, kisha najisikia mtu. Vuta hicho kigoda ukae nikusimulie. Na huo mguu uusogeze, usinikanyagie spana zangu.

Leo unaniona na kucha zangu nyeusi kwa oili, unasikia Bigwa nzima wananiita Bibi Giaboksi, ukadhani nilizaliwa hivi. Wapi! Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nina kiburi cha kuwatosha watu watatu, na kazi hii niliianza kwa kuiharibu. Nakwambia mapema usije ukasema bibi alikaa kujisifu tu. Kujisifu nitajisifu, wala usiwe na wasiwasi, ila kwa zamu yake.

Aliyenifundisha ni Mjomba Kibwana, kaka yake mama. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba akisema jambo limesemwa. Wakubwa walipokaa kikao wakaamua nipelekwe mjini nikajifunze cherehani, yeye aliwaambia, "Mkono wa huyu unasikia vyuma. Mniachie." Mama alinuna wiki nzima, hata chai yangu akawa hatii sukari, lakini waliniacha.

Sasa kulikuwa na siri mle ndani. Macho ya mjomba yalikuwa yanaondoka. Jicho la kulia lilishaingia ukungu mweupe, la kushoto nalo linafuata. Njiani usingejua kwamba haoni, maana Bigwa aliijua kwa nyayo na watu aliwajua kwa sauti. Lakini umpe nati ndogo mkononi, hakuiona, aliipapasa. Tuliojua ni yeye, mama na mimi. Habari ingetoka nje, nani angempelekea gari? Na nyumba nzima ile, wakubwa kwa wadogo, ilikula kwa mikono yake. Kwa hiyo akifungua kitu kidogo kidogo, mimi ndiye niliyekuwa macho yake.

Hapo ndipo alipokuja Bwana Akbarali na gari lake. Huyu alikuwa na duka la vitambaa mjini. Babu zake walitoka India, yeye mwenyewe kazaliwa Morogoro, na kwa utani hakuna Mluguru aliyemweza. Gari lenyewe dogo, jekundu, milango miwili, liko chini mpaka jogoo wetu akisimama mbele yake wanatazamana na taa. Alilinunua kwa mzungu wa mashamba ya miwa kule Turiani aliyekuwa anarudi kwao. Likipita sokoni wauza nyanya walikuwa wanaacha kupanga mafungu wakitazama. Ila gia zilikuwa zinakwangua, ukiingiza moja unasikia meno mpaka kwenye meno yako mwenyewe. Mafundi wa mjini walishamwambia giaboksi imekufa, bora aliuze vipande vipande.

Mjomba aliingia ndani ya gari, akaushika mkono wa gia, akauchezesha taratibu huku amefumba macho. Uani palikuwa pamejaa majirani, maana gari kama lile halikuwa limewahi kukanyaga kwetu.

"Haijafa hii," akasema. "Inaumwa. Niachie."

"Una hakika, fundi? Maana mwenzio nalipenda hili kuliko shemeji yako, na ukimwambia nakukana."

Watu wakacheka. Mjomba hakucheka. Akasema kwa sauti kila mtu asikie, "Bwana Akbarali, hii ikinishinda, sishiki tena giaboksi ya mtu maisha yangu yote."

Mwanangu, nilimtazama nikasema moyoni, ebo, mzee huyu ana nini! Fundi mwenye macho yake mazima hasemi vile. Baadaye nilielewa. Alitaka kujua mwenyewe kama bado ni fundi, na gari lile ndilo alilolichagua limjibu.

Tukaishusha giaboksi, tukaibeba wawili mpaka uani. Na mjomba alikuwa na utaratibu wake wa kazi, haukuandikwa popote. Unatandika mkeka, juu ya mkeka unatandika khanga. Kifaa cha kwanza kutoka kinakaa pembeni kabisa kwenye pindo la kulia. Cha pili kinafuata, cha tatu kinafuata, unakwenda hivyo mstari kwa mstari mpaka pindo la kushoto. Gia, pete yake, washa yake, yaani kile kiduara chembamba cha chuma kinachozuia gia isicheze kwenye shafti, ile fimbo ya chuma inayobeba gia, kisha gia nyingine. Hakuna kusogeza, hakuna kuruka. Siku ya kufunga unaanzia kushoto unarudi kulia. Mtu asiyeona vizuri anakuwa na ramani, na mtu anayeona hana sababu ya kukisia. Nilitandika khanga yangu mpya ya Idi. Mama alipoiona na oili yake alishika kichwa, akasema, "Mwanamke gani wewe!" Nikamjibu ndiyo huyu huyu, mama. Nilikuwa na mdomo, sikufichi.

Ijumaa hiyo mjomba alikwenda msikitini, akaniacha nasafisha vifaa kwa mafuta ya taa na mswaki mkukuu. Vyote vilikuwa vimelala kwenye khanga, mstari kwa mstari, vinang'aa. Nikajitazama nikajiona mimi ndiye mimi. Nawe unaijua mvua ya hapa, inashuka mlimani bila hodi, umeinua macho kuliangalia wingu na tone lishakupiga usoni. Jirani yetu alikuwa ameanika mpunga. Nikasikia anapiga ukelele, "Mvuaa! Anueni jamani, anueni!"

Mtoto wa kike wa Bigwa, tangu anajua kutembea, akisikia anueni mikono haimwulizi. Inakamata pembe nne za khanga, inakunja, miguu inakimbia. Mpunga, maharage, mihogo, ndivyo tulivyokulia. Basi na mimi nikakamata pembe nne, nikainua, nikakimbia ndani. Niko katikati ya uani ndipo nikasikia mlio, chwalalala! Vyuma vinagongana tumboni mwa khanga.

Niliingia ndani nikakaa chini na ule mzigo mapajani. Astaghfirullah. Nilikuwa nimeianua giaboksi ya Bwana Akbarali.

Mjomba alirudi kanzu imelowa chapachapa. Kabla hajavua hata kofia akaniuliza, "Vile vitu viko salama?"

Mwanangu, pale palikuwa na jibu jepesi kabisa. Ningesema, mjomba, nimevichanganya. Angefoka kidogo, maana alikuwa anajua kufoka, kisha tungekaa tukavipanga upya pamoja. Lakini mimi ndiye niliyekuwa nimewatambia wenzangu mtaa mzima kwamba nafungua gari la michezo. Nikasema, "Viko salama, mjomba."

Akasema, "Alhamdulillahi," akaenda kubadili nguo.

Nilivitandika upya, nikavipanga kwa kukumbuka. Na nilikumbuka vingi, usinidharau, nilikuwa na kichwa. Siku ya kufunga, baada ya kupata pete mpya badala ya zile zilizolika, tulichemsha oili kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, tukatumbukiza beringi ipanuke ipate kuingia kwenye shafti. Mjomba kashika, mimi nampa. "Hii hapa, mjomba, ndiyo inayofuata." Anapokea, anagonga taratibu, ananyoosha mkono tena. Hakuuliza hata mara moja. Kila alipopokea bila kuuliza nilisikia kitu kinanichoma hapa, nami nikakimeza.

Tulipomaliza, kwenye khanga imebaki washa moja.

Nikaitazama. Nikaitazama giaboksi imeshafungwa, mjomba anafuta mikono na uso wake umechangamka vile ambavyo sikuwa nimemwona mwaka mzima. Nikajiambia, itakuwa imezidi tu hii. Unawasikia mafundi wengine mpaka leo, wakifunga gari bolti zikabaki tatu wanakwambia hizi za ziada. Nikaichukua ile washa, nikaifunga kwenye pembe ya khanga niliyovaa, fundo dogo, mahali ambapo wanawake tunafunga vitu vyetu.

Kesho yake Bwana Akbarali akaja kulijaribu. Yeye kwenye usukani, mjomba pembeni yake, mimi nimejikunja nyuma ya viti mahali pa kuweka mikoba, magoti yamefika kidevuni. Barabara ya tambarare gari lilikwenda kama kawaida, gia zinaingia bila kelele. Bwana Akbarali akapiga kelele yeye badala yake, "Fundi! Fundi Kibwana wewe!" Watoto wanatukimbilia, akina mama wanapunga mikono. Nikasema kimoyomoyo, si unaona, ilikuwa ya ziada.

Tukashika njia ya Matombo, tukafika kwenye kilima. Akaweka gia ya pili, akakanyaga mafuta. Gari likapanda kidogo, likapanda, kisha mkono wa gia ukachomoka wenyewe, pwa! Injini ikapiga yowe, magurudumu hayana habari, na gari likaanza kurudi nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa nyuma, kwa hiyo niliona tunakokwenda, na tulikuwa tunakwenda bondeni. Bwana Akbarali akavuta breki ya mkono kwa mikono yote miwili. Tulisimama tairi la nyuma limeegemea mgomba wa watu. Wanawake waliokuwa wanateremka na mikungu ya ndizi kichwani walisimama kututazama.

"Fundi?" akasema Bwana Akbarali. Sauti yake ilikuwa ndogo.

Mjomba aligeuza uso kumwelekea. Kisha akasema, "Kosa ni langu. Mimi macho yangu hayaoni, Bwana Akbarali. Ni mwaka wa pili sasa, na nimekuficha. Si haki kumficha mtu na roho yake iko ndani ya gari. Nilisema ikinishinda sishiki tena. Basi, imenishinda."

Alisema hivyo mbele ya wale wanawake, na ile siri aliyoilinda miaka miwili ikateremka Bigwa pamoja na ndizi zao. Na mimi, mwanangu, nilikuwa nyuma yake, mdomo wangu uko karibu na sikio lake, washa iko pembeni mwa khanga yangu, na nikanyamaza. Lile la mvua nililisamehe zamani. Ule uongo wa Ijumaa nao nimeshaulilia vya kutosha. Kile kimya cha kilimani ndicho bado kinaniuma, na mimi sasa ni bibi wa watu.

Tulirudi nyumbani kwa gia ya kwanza, mwendo wa maiti. Mama akampa Bwana Akbarali maji ya kunywa. Mjomba akakaa kwenye mkeka, akavuta sanduku lake la spana, akaanza kuzifuta moja moja na kitambaa na kuzipanga ndani. Alikuwa anazipapasa kila moja kabla ya kuilaza, namba nane, ya kumi, ya kumi na mbili. Nilipoona amefika kwenye ya kumi na nne, ambayo mpini wake umelika kwa kidole gumba chake, nilishindwa. Nilipiga magoti, nikafungua fundo, nikamwekea washa kwenye kiganja.

"Mjomba, kosa ni langu. Ile Ijumaa ya mvua niliianua. Vyote vilichanganyika. Na hii ilibaki, nikaificha."

Aliizungusha ile washa kwenye vidole mara moja tu. "Ya gia ya pili," akasema. Akaifumba kiganjani.

"Kukimbia mvua si kosa, Mwajuma," akasema. "Hata mimi ningekimbia. Lakini nilikuuliza. Mimi siku hizi naona kwa macho yako, unalijua hilo, na ulipojibu vile ulinifumba macho." Hakupandisha sauti. Afadhali angefoka.

Nililia, mwanangu, sikufichi. Bwana Akbarali alikuwa amesimama na bilauri mkononi, akanitazama mimi, akamtazama mjomba, akaitazama mvua iliyokuwa inaanza tena. "Mimi dukani nikikata kitambaa vibaya," akasema, "nakisukuma chini ya meza, mke wangu asijue. Binti huyu kanipita." Akaweka bilauri chini. "Fundi, hujashindwa. Macho yako bado yapo, naona yameanza kusema kweli. Fungeni tena. Sina haraka."

Mjomba alilifungua lile sanduku. Lakini kabla hatujagusa giaboksi alichukua khanga ile ile ya Idi, akanifunga nayo usoni. Siku mbili nzima, mchana kutwa, nilikaa kwenye mkeka sioni kitu, ananipa kifaa nakipapasa namwambia jina lake na mahali pake. Nikikosea ananirudishia mkononi bila neno. Majirani walikuja kunicheka, wakasema kwa Kibwana sasa kuna vipofu wawili. Nikawajibu wasubiri, gari likishindwa kilima ndipo wacheke. Siku ya pili jioni nilikuwa naitambua washa ya gia ya pili na ya gia ya tatu kwa unene tu, na tofauti yake ni kama ukurasa wa daftari. Naitambua mpaka leo, niletee nikuonyeshe.

Tulifunga mara ya pili, nikampa kila kifaa, na safari hii akawa anauliza kila kimoja, nami nikawa najibu. Khanga ikabaki tupu. Niliikung'uta mbele yake asikie kwamba haina kitu.

Siku ya kujaribu, Bwana Akbarali alimfungulia mjomba mlango. Mjomba akatikisa kichwa, akasema, "Aliyefunga ndiye anayepanda." Akanisukuma nikakae kiti cha mbele, yeye akasimama chini ya kilima ameegemea fimbo, uso ameuinamisha asikilize. Gia ya kwanza. Ya pili, na mafuta yamekanyagwa, na jicho langu liko kwenye mkono wa gia. Ukashika. Tukapita ule mgomba, tukapita kona, Bwana Akbarali akatia ya tatu, gari likapanda linaimba mpaka juu kabisa kwenye migomba ya watu wa mlimani. Nilipogeuka nyuma nilimwona mjomba kule chini ameinua fimbo yake juu, anaizungusha hewani na kucheza peke yake barabarani. Weee! Hakuna siku niliyoolewa wala kuzaa niliyojisikia vile, na watoto wangu wanisamehe.

Na ile siri iliyotoka, unafikiri ilimmaliza? Watu walizidi kuja. Walikuwa wanasema twende kwa yule mzee anayesikiliza, yuko na binti yake anayeona. Alifanya kazi na mimi mpaka Mungu alipomchukua, na sanduku la spana akaniachia mimi, mbele ya ukoo, kama mjomba anavyomwachia mpwa.

Sasa zamu ya kujisifu imefika. Mwaka huu, baada ya Idi, kijana mmoja kaja hapa na gari jekundu. Kaniamkia vizuri, "Shikamoo bibi." Mjukuu wa Bwana Akbarali. Kasema gari la babu linavuja oili, kaangalia video zote kwenye simu, na kila fundi wa mjini anamwambia giaboksi imekufa, auze vipande. Nilicheka mpaka nikashika mbavu. Nikamwambia, haijafa, niachie.

Niliishusha hapa hapa uani, na wewe mwenyewe ulinisaidia kuibeba. Kilichokuwa kimechoka ni sili ya nyuma, kipira tu. Nilipofungua sikutumia miwani, nilifumba macho. Nikaingiza vidole, nikaikuta washa ya gia ya pili iko mahali pake, pale pale nilipoiweka nikiwa na miaka kumi na tisa, imelika kidogo, imelainika kama sarafu ya zamani, inafanya kazi yake. Ndiyo maana uliniona nalia ukaniuliza bibi vipi, nikakwambia mafuta ya taa yameniingia machoni. Nao ulikuwa uongo, na leo naurudisha.

Basi mwanangu, shika hili. Utachanganya mambo ya watu. Mvua itakushtua nawe utakunja utakachokikunja, na hakuna atakayekulaumu mwenye akili. Lakini siku mtu anayekuamini akikuuliza viko salama, na haviko, sema haviko, hapo hapo, kabla hajavua kofia. Ukichelewa, sema hata hivyo. Ukichelewa mpaka kilimani, sema ukiwa chini ya kilima. Usiache mtu mwingine afunge sanduku lake kwa ajili ya kitu ulichokificha wewe. Na ukisharekebisha, jisifu, tena sana, maana utakuwa umeistahili.

Mungu akupe mikono inayosikia. Akupe kazi itakayokuzidi umri. Akupe mtu wa kukuuliza, na moyo wa kumjibu. Haya, inuka sasa, nitandikie khanga tuifungue giaboksi hii ya leo, tuanzie pindo la kulia.